Harusi ya nje wakati wa vuli Mombasa: panga saa kabla ya mapambo

Upepo wa kusi ukishalegea na wa kaskazi bado haujashika, Mombasa huingia kwenye matlai. Bahari hutulia, joto hupanda, na jioni mawingu huanza kujikusanya. Huo ndio wakati watu wengi huoza watoto wao, wakitaka kumaliza shughuli kabla Disemba haijaleta wageni wa bara, hoteli zikajaa na bei zikapanda. Ndio wakati pia simu yangu haipoi. Uwanja umepatikana, rangi za mapambo zimechaguliwa, mpiga picha ameshapewa arubuni, halafu mwenye harusi ananiuliza: "Dada, na mvua je?"

Swali hilo lilitakiwa lije kabla ya rangi. Nimesimamia harusi za jamaa na majirani kwa miaka, za uani, za uwanjani na za pwani. Nikizikumbuka zilizoharibika, karibu zote ziliwekwa saa isiyofaa, au watu hawakuwa na pa kukimbilia. Mvua yenyewe haina ugomvi na mtu aliyeitayarishia mahali pake.

Vuli si masika. Masika hufululiza, hasa Mei, na mwenye akili hapangi shughuli ya nje. Vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba, huja kwa vipande: wingu linafunga, inamwagika kwa nguvu nusu saa, jua linatoka, mchanga unakauka. Kwa hiyo inawezekana kabisa kufanya harusi nzuri nje, ila kwa hesabu.

Hatua ya kwanza: tarehe

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa mvua za Oktoba hadi Disemba kabla ya msimu kuanza, kwenye Agosti mwishoni au Septemba mwanzoni. Usome kabla hujatoa arubuni isiyorudi. Ukisikia El Niño imetajwa, na maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yana joto kupita kawaida, ujue vuli itakuwa nzito. Hivyo ndivyo ilivyokuwa 2023, hadi Novemba mitaa ikafurika na barabara zikakatika. Mwaka kama huo ushauri wangu ni mmoja: ingia ukumbini, au sogeza hadi Januari na Februari, ambazo ndizo kavu zaidi kwetu.

Mwaka wa kawaida, mwanzo wa Oktoba huwa na nafuu kuliko Novemba. Na kama unategemea uwanja au ukumbi wa shule, kumbuka Novemba ni mwezi wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Shule za sekondari hufungia wageni milango, na usikubali ahadi ya mlinzi kwamba "tutaona". Pata neno la mwalimu mkuu kwa maandishi.

Wanaofunga ndoa ya kiserikali wana hesabu nyingine. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka taarifa ipelekwe kwa msajili si chini ya siku 21 na si zaidi ya miezi mitatu kabla ya siku yenyewe. Ipeleke mapema, na mahali pa kufungia ndoa pajulikane, maana msajili haji tu popote.

Hatua ya pili: saa

Hapa ndipo pa kutulia na kalamu na karatasi. Andika mambo matatu kwa mstari: jua, maji, sala.

Jua kwanza. Oktoba na Novemba hapa Mombasa linazama kama saa kumi na mbili na robo. Februari hulikuta bado liko juu hadi kwenye saa kumi na mbili na dakika arobaini. Karibu nusu saa hiyo imewaponyoka wengi. Mtu alihudhuria harusi ya Februari, akapenda zile picha za machweo, akaipanga yake ya Novemba kwa saa zilezile. Bibi harusi akatoka kwenye gari giza limeshaingia. Kwa vuli, picha zianze saa kumi na moja kasorobo na ziishe kabla ya saa kumi na mbili.

Maji ndiyo yanayosahaulika zaidi, na wanaosahau ni watu waliozaliwa pwani hii hii. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari ya Mombasa hujaa takriban saa kumi jioni na kupwa kama saa nne asubuhi. Kutoka kupwa hadi kujaa, maji hupanda zaidi ya meta tatu. Sasa tazama: saa kumi jioni ndiyo saa ambayo kila mtu anataka harusi ya pwani. Ukiiweka siku ya bamvua, ule mchanga mpana uliouona asubuhi ulipokwenda kupima nafasi hautakuwepo. Viti vitakuwa majini. Niliona safu nzima ya mbele, viti vilivyofungwa vitambaa vyeupe, ikibebwa na vijana mbiombio kurudishwa ukutani huku wimbi likiwafuata miguuni.

Dawa yake ni rahisi kwa anayeufuata mwezi wa Kiislamu. Epuka tarehe 1 hadi 4 na 14 hadi 18. Tarehe 8 au 9, na 22 au 23, ni maji mafu: bahari haijai sana wala haipwi sana, na pwani hubaki na nafasi siku nzima. Kisha thibitisha kwa jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, kwani kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini, na ukikosea siku mbili umeikosea saa nzima na zaidi. Mzee yeyote mvuvi wa Nyali au Bamburi atakwambia vilevile bila jedwali. Muulize tu, "Mzee wangu, tarehe hiyo alasiri bahari itakuwaje?"

Sala. Alasiri inaingia saa tisa na kitu, magharibi saa kumi na mbili na robo. Nikaha ikisomwa baada ya alasiri, una saa mbili na nusu za mwanga. Usipange chakula kigongane na magharibi. Tenga mikeka, maji ya udhu, na mahali pakavu. Kibla kwetu si kazi kukielekeza: Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Mombasa.

Wageni wa Likoni na Diani wape kadi yenye saa moja kabla. Foleni ya feri Jumamosi haina huruma, na si kila mtu ana gari la kuzungukia Dongo Kundu.

Hatua ya tatu: uwanja, na wa pili wake

Nikienda kutazama uwanja, siangalii mandhari kwanza. Natazama ardhi. Pana mteremko? Maji yakija yanakwenda wapi? Waulize majirani, na kama unaweza, nenda siku iliyonyesha, usimame pale dakika kumi na viatu vya kawaida.

Ardhi ya kisiwa chetu ni jiwe la tumbawe lenye udongo mwembamba juu, na hilo linaathiri tenti, kama nitakavyoeleza. Nyasi zilizolowa humeza visigino. Pwani ya umma kama Pirates, pale Bamburi, wikendi haina faragha hata kidogo. Bustani zenye miti mikubwa hupoza vizuri, lakini mti hudondosha maji saa nzima baada ya mvua kukatika, kwa hiyo meza ya chakula isikae chini yake.

Siku hiyo hiyo unayolipia uwanja, patafute pa pili: ukumbi, baraza kubwa, nyumba ya jamaa yenye uani uliofunikwa, mgahawa wa makuti. Pawe umbali wa kufikika kwa miguu au dakika kumi kwa tuk-tuk. Palipie hata kama ni kidogo. Mahali ulipoahidiwa kwa mdomo tu, siku ya mvua utakuta wameingia wengine waliolipa. Wazee wengi husema kutayarisha pa pili ni kuiita mvua. Nawaheshimu, lakini kwenye hili siwafuati.

Hatua ya nne: tenti

Nilikuwa na harusi ya mtoto wa ndugu yangu, Novemba, uwanja wa karibu na nyumbani. Tenti mbili ziliunganishwa ubavu kwa ubavu kufanya kivuli kimoja kirefu. Mwenye tenti aliniapia haziingizi maji, na kweli, vitambaa vyenyewe havikuvuja. Lakini mvua ilipokuja, maji ya paa mbili yalikutana pale kwenye maungio, yakajikusanya kama tumbo la ng'ombe, na kitambaa kilipolegea yakashuka yote pamoja. Chini yake palikuwa na sinia za biriani zimekwisha kupakuliwa, wazee wameshanawa mikono. Nilipiga simu ya mwenye tenti, imezimwa. Sikuwa na la kuwaambia wale wazee. Mmoja akaniambia, "Mwanangu, usilie, lete sahani," wakahamia barazani kwa jirani. Mpaka leo nikipita pale naitazama ile sehemu.

Tangu siku hiyo nina masharti yangu, na nakusihi uyachukue.

Penye tenti mbili pawekwe mfereji katikati, wa bati au wa turubai gumu uliolazwa kwa mteremko, utoe maji nje. Kama mwenye tenti hana mfereji, zitenganishe hatua mbili na uache uchochoro usio na meza. Paa livutwe likaze; ukiligonga kwa mkono lisikie kama ngoma. Paa lililolegea ni bwawa.

Vigingi: kwenye mchanga vifupi hung'oka, kwenye tumbawe haviingii kabisa. Tumia uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo pipa la lita 200 likijazwa ni kilo 200, na dumu la lita 20 ni kilo 20 tu. Dumu moja kila mguu, kama wafanyavyo wengi, ni kudanganyana. Upepo unaotangulia mvua ya vuli huinua tenti pamoja na madumu yake. Pipa kila pembe, au magunia ya mchanga ya kutosha, yafungwe kwa kamba na si kuegemezwa.

Tenti zisimamishwe jana yake, si asubuhi ya siku yenyewe. Zimwagie maji kwa mpira, utazame panapovuja. Na mkubaliane kwamba kijana wao mmoja atalala hapo na kubaki hadi mwisho, achukue nusu ya malipo mwisho wa shughuli. Kuta za pembeni ziwepo hata kama ni kweupe. Mvua ya upepo haishuki wima.

Hatua ya tano: sitara ya wanawake

Shughuli yetu ya wanawake, bibi harusi akitolewa, mabuibui yakivuliwa, vugo na chakacha vikianza, haitaki jicho la nje. Ukumbini una kuta. Uwanjani una turubai la meta mbili, na pembeni siku hizi kuna ghorofa sita zenye veranda. Watu husahau kutazama juu.

Simama pale atakapokaa bibi harusi uhesabu madirisha unayoyaona. Kila dirisha unaloliona linakuona. Kwa hiyo hapa tenti inafanya kazi mbili, mvua na macho, na paa lake lisiwe la kitambaa chepesi kinachoonyesha vivuli taa zikiwashwa. Kuta ziteremke hadi chini, lakini juu paachwe upenyo wa kama nusu meta kuzunguka, vinginevyo wanawake mia mbili ndani ya joto la Novemba watazimia. Feni kubwa nne kwa idadi hiyo si anasa. Milango iwe miwili, kila mmoja na pazia mbili zinazopishana, ili anayeingia asimfichue aliye ndani.

Simu zikusanywe mlangoni kwenye vifuko vyenye namba, na wanaozikusanya wawe wasichana wawili wa familia wanaoaminika na wenye sauti. Droni usiiruhusu kabisa siku ya wanawake. Nchini hapa ina sheria zake na kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, hata kwa shughuli nyingine.

Mtu ataniambia haya ni makuu. Bibi harusi aliyewahi kuona picha yake ya usiku ule kwenye simu ya mwanamume asiyemjua hatasema hivyo.

Hatua ya sita: jiko

Kamati huzungumzia tenti ya wageni, ya maharusi, ya muziki. Jiko hulitupa nyuma ya ukuta, kweupe. Nilimwuliza mpishi wetu mmoja wa siku nyingi anahitaji nini zaidi, akasema, "Bi harusi hata akilowa ataolewa. Kuni zikilowa, hakuna harusi." "Ami, basi nikuwekee nini?" "Bati tatu na mahali pa kuni usiku."

Mwekee. Paa la jiko liwe juu sana, la bati, moshi utoke; turubai la plastiki juu ya moto ni hatari. Kuni za mvinje zinunuliwe siku kadhaa mapema, zipangwe juu ya matofali na kufunikwa. Jiko likae upande ambao upepo hautapeleka moshi kwa wageni, na kati yake na wageni pawe na njia kavu ya kupitishia sinia. Kwa pilau la shughuli mimi huhesabu kilo moja ya mchele kwa watu sita, na sinia moja kwa wanne au watano. Kwa joto hili chakula kisikae kimepakuliwa zaidi ya saa mbili. Kisipakuliwe kabla wageni hawajakaa, hata kama MC anaharakisha.

Mambo madogo yasiyo madogo

Waya za umeme zipite juu, zisilale kwenye nyasi. Jenereta iwe na paa lake na fundi wake. Kibali cha uwanja na cha muziki kiombwe kaunti mapema: kanuni za kelele za 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na spika zikiendelea kwa nguvu baada ya hapo jirani ana haki ya kulalamika. Vyoo vya kutosha, vya wanawake viwe vingi. Maji yaliyotuama siku za nyuma yamwagwe, ndoo na makopo yapinduliwe, kwani mbu wa kidingapopo huuma mchana na hawajali umevaa nini. Na kama ni pwani, acha sahani na chupa za plastiki za kutumia mara moja. Tangu 5 Juni 2020 zimepigwa marufuku kwenye hifadhi zetu pamoja na fukwe zake. Glasi za kukodi na majagi ya maji ya ukwaju yanapendeza zaidi.

Kwenye kadi waambie wageni waje na makubadhi. Watakushukuru.

Siku ya kuamkia na siku yenyewe

Asumini ya vikuba ichukuliwe alasiri ya jana yake ikiwa bado vitumba, itungwe jioni ile ile na mrehani, ifungwe kwenye kitambaa kibichi ndani ya jani la mgomba. Ikinunuliwa asubuhi ya harusi imeshafunguka, na kwa joto la matlai hadi alasiri inageuka rangi ya chai. Ubani na udi viwe ndani ya tenti, karibu na mlango. Nje upepo unapeperusha riha yote kwa majirani.

Uamuzi wa kuhamia pa pili auchukue mtu mmoja. Awe jina lake linajulikana na wote: mpishi, mwenye tenti, MC, mpambaji. Asiwe mama wa bibi harusi. Siku hiyo hana moyo wa kuamua. Mimi huweka saa tatu asubuhi. Saa hiyo msimamizi anatazama utabiri wa siku, anatazama upande wa bahari, na anasema moja: tunabaki au tunahama. Baada ya hapo hakuna mjadala, hata wingu likiondoka. Mvua ikija baada ya kuamua kubaki, watu wahame chini ya tenti, muziki usikatwe, chai ya tangawizi na mahamri vipite mara moja. Mara nyingi hukatika kabla ya dakika thelathini kuisha.

Kesho yake tuma vijana wanne asubuhi. Tenti zianikwe jua kabla ya kukunjwa, maana zikifungwa mbichi hufanya ukungu na mwenyewe atakudai. Magunia ya mchanga yamwagwe pale pale yalipojazwa. Vigingi, misumari na pini za mapambo ziokotwe moja moja, na mtu apite mara ya pili akiwa na reki, kwani jioni watoto wa mtaa watarudi hapo kucheza mpira miguu mitupu.